Jinsi ya kufuatilia mechi ya ugenini ukiwa mbali, hata mkipigwa moja bila

Kwanza chagua chanzo kimoja cha laivu ukae nacho hapohapo, maana ukiweka redio huku, strimu huku na simu inakuletea matokeo, utajua mmefungwa wakati kwenye skrini beki wenu bado ana mpira mguuni, strimu huwa inachelewa, saa zingine zaidi ya nusu dakika. Zima notifikesheni. Na yule mshkaji anayeandika "duuuh" kwenye grupu, mmyuti mpaka filimbi ya mwisho.

Mkifungwa dakika ya 80 na kitu usizime kabisa, kaa na timu yako, angalia kocha anamuingiza nani, nani bado anakimbia, na kipa akipanda kwenye kona ya mwisho ujue ni kufa na kupona. Refa akichora lile boksi hewani tulia kwanza, VAR, yaani marefa wa video, inaweza kurudisha kila kitu.

Imeisha 1-0? Cheki ni ligi au mtoano. Kwenye ligi pointi 3 zimeenda ila tofauti ya magoli imeshuka moja tu, hiyo ni afadhali kubwa sana. Mtoano wa mechi mbili wa UEFA, kama hii ni ya kwanza, ndo bado mko hai kabisa, sheria ya goli la ugenini ilifutwa 2021, so hata mkishinda 2-1 nyumbani mnaenda dakika 30 za nyongeza, na bado ikiwa sare ni penalti.

Hailaiti ziangalie kesho yake, usiku huohuo utamlaumu kila mtu.