Somo: Andika chanzo siku ileile uliyoiona taarifa

Wengi wanaotafuta historia ya ukoo hukimbilia majina na tarehe, chanzo wakasema wataandika baadaye. Baadaye hiyo ikifika, babu ana tarehe mbili za kuzaliwa na hakuna ajuaye ipi ilitoka wapi. Chanzo kiandikwe kabla hujafunga kitabu.

Hatua ya 1: Piga picha kwanza. Anza na jalada la rejista, kisha ukurasa mzima, usichukue mstari wa mtu wako peke yake. Mistari ya jirani huwa na ndugu zake, na mwandiko wa karani kwenye majina mengine utakusaidia kutambua herufi zinazokutatiza.

Hatua ya 2: Andika ni hati gani, ya nani, ya mwaka gani, inatunzwa wapi, ukurasa upi, na wewe uliiona lini na kwa njia gani. Mfano:

Rejista ya ubatizo, parokia ya (jina), 1931, uk. 47, namba 212. Kitabu chenyewe, ofisi ya parokia, nilikiona 14 Machi 2024.

Watu huruka yale maneno “kitabu chenyewe”, nami nayapigania kuliko yote. Kama uliona picha ya kitabu mtandaoni, sema picha. Kama uliona faharasa tu, yaani orodha ya majina yaliyotolewa kitabuni, taja faharasa, maana aliyeiandaa huenda alisoma 1 akadhani ni 7.

Hatua ya 3: Nakili kama ilivyo. Jina likiwa Mariamu hapa na Miriamu kule, yaache yote mawili. Maoni yako yaingie kwenye mabano ya mraba. Tarehe nazo ni hivyohivyo. Kule Uingereza, hadi kalenda ilipobadilishwa mwaka 1752, mwaka wa kisheria ulianza 25 Machi, kwa hiyo Februari 1720 ya rejista ni Februari 1721 kwa hesabu yetu. Ukirekebisha kimyakimya, atakayekufuata anaweza kuongeza mwaka mwingine juu ya wako.

Hatua ya 4: Uliza nani alitoa taarifa. Hapa tulieni kidogo. Chukua cheti cha kifo kilichoandikishwa na mkwe wa marehemu. Tarehe ya kifo anaijua, pengine alikuwepo. Tarehe ya kuzaliwa marehemu je? Aliisikia tu, miaka mingi baada ya tukio. Jina la mama wa marehemu, huenda alikisia. Karatasi ni moja na muhuri ni mmoja, lakini kila kisanduku kina uzito wake. Kwa hiyo kwenye maelezo yako andika: “mtoa taarifa: mkwe”.

Hatua ya 5: Kipe kila chanzo namba, na namba hiyo iwe mwanzo wa jina la faili la picha yake.

MASWALI

Swali: Shikamoo mwalimu. Bibi yangu hana karatasi yoyote, ananisimulia tu. Hicho nacho ni chanzo?
Jibu: Marahaba. Ni chanzo kamili. Andika jina lake, uhusiano wake na anayemtaja, tarehe ya mazungumzo, na nani mwingine alikuwepo. Kwa kila jambo muulize aliliona mwenyewe au aliambiwa, na aliambiwa na nani. Mwombe ruhusa umrekodi. Usisubiri, fanya wiki hii.

Swali: Miti minne ya ukoo mtandaoni ina tarehe moja. Si imethibitika?
Jibu: La, kama wote walinakili kwa mtu mmoja. Hao ni shahidi mmoja aliyerudiwa mara nne. Tafuta hati ambayo yule wa kwanza aliitegemea.

Swali: Nina mamia ya majina yasiyo na chanzo. Nifute nianze upya?
Jibu: Usifute, ndugu yangu. Weka alama “chanzo hakijulikani” kwa kila moja, kisha anza na wazazi wako, halafu panda kizazi kimoja kimoja. Jina likipata hati, ondoa alama.