Somo: Jinsi ya Kuandaa Matembezi ya Kusaka Hazina Wakati wa Kiangazi

Kuanzia Desemba hadi masika yanapokaribia mwezi Machi, njia nyingi za Nakuru na viunga vyake huwa kavu, na watu wengi huamua kutembea kwa ajili ya afya. Wengi huacha baada ya muda mfupi, kwa sababu kuzunguka bila lengo huchosha akili kabla ya kuchosha miguu. Dawa ninayoiamini ni kumpa mtembeaji kitu cha kutafuta.

Mchezo wa kusaka hazina kwa GPS, yaani mfumo wa setilaiti unaoonyesha mahali ulipo, ulianza Mei 2000. Kabla ya hapo serikali ya Marekani ilivuruga kwa makusudi mawimbi ya setilaiti yaliyotumiwa na raia, hata kosa likaweza kufikia mita 100, na hakuna awezaye kupata kopo lililofichwa kwa makadirio kama hayo. Uvurugaji ulipokoma, Dave Ulmer alificha ndoo karibu na Beavercreek, jimboni Oregon, tarehe 3 Mei, kisha akatangaza latitudo na longitudo yake, yaani namba zinazoonyesha mahali kitu kilipo kwa kaskazini-kusini na kwa mashariki-magharibi. Kanuni tunayoifuata ni ileile ya siku hizo: aliyepata hazina huchukua kitu, huacha kingine, na huandika katika daftari lililomo.

Hatua ya kwanza: chagua njia kabla ya kuchagua maficho. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 kwa siku. Kwa hiyo hazina moja iliyo hatua chache kutoka mahali pa kuegesha gari haisaidii kitu. Tandaza makopo manne au matano kwenye mzunguko wa kilomita tatu au nne, kila kopo likiwa na maelekezo ya kufikia linalofuata.

Hatua ya pili: omba ruhusa, iwe ardhi ni ya shule, ya kanisa, ya jirani, au ni msitu wa serikali kama ule wa Menengai. Katika maeneo ya kale, kama Hyrax Hill ambako Mary Leakey alichimbua mabaki ya watu wa kale katika miaka ya 1930, usifiche wala usiokote chochote. Kigae cha chungu au kipande cha jiwe jeusi la volkano kikiondolewa mahali pake hupoteza sehemu kubwa ya habari kilichobeba, na sheria ya makavazi na turathi ya mwaka 2006 inavilinda vitu vya kale. Mahali kama hapo, hazina na iwe swali ambalo jibu lake huonekana tu na aliyefika.

Hatua ya tatu: tayarisha kopo. Liwe na mfuniko unaobana, liwe la kuonyesha kilichomo, na liandikwe wazi kwamba ni mchezo wa matembezi, pamoja na namna ya kumpata mwenyewe. Nasisitiza jambo hili kwa sababu katika nchi yetu kifurushi kisicho na mwenyewe, hasa karibu na soko, kanisa, stesheni au kituo cha polisi, huwatia watu hofu ya haki kabisa. Usichimbe ardhi, na usiweke chakula ndani, kwani nyani watakifikia kabla ya watoto.

Hatua ya nne, ambayo ndiyo hukosewa zaidi, ni kuandika mahali. Sisi tunaishi kando ya ikweta. Nakuru iko takriban digrii 0 na dakika 18 kusini (dakika hapa si muda, ni sehemu moja ya 60 ya digrii), ilhali Kakamega iko takriban umbali huohuo kaskazini. Ukisahau kuandika neno kusini, au alama ya kutoa ikiwa simu yako hutumia desimali, msakaji wa Nakuru ataelekezwa karibu na Ziwa Bogoria, zaidi ya kilomita 60 kutoka anakotakiwa, na yule wa Kisumu ataangukia Kaunti ya Vihiga. Kwa upande mwingine ikweta inatupunguzia kazi: dakika moja ya latitudo ni takriban kilomita 1.85, na hapa kwetu dakika ya longitudo ni karibu sawa na hiyo, jambo lisilowezekana kwa wenzetu wa Ulaya, ambako mistari ya longitudo imekaribiana. Katika desimali, tarakimu ya tano baada ya nukta huonyesha takriban mita moja. Basi ziandike zote tano. Simu ya kawaida kwenye uwanda wazi hukosea kwa mita tano hivi, na chini ya miti mikubwa hukosea zaidi ya hapo, kwa hiyo pima mara kadhaa, uchukue wastani, na uongeze dokezo la maneno.

Siku yenyewe, ondokeni asubuhi, mvae kofia, na mbebe maji katika chupa za kutumika tena. Tangu tarehe 5 Juni 2020, plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku katika mbuga na misitu iliyohifadhiwa.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Kisumu: Mwalimu, watoto wangu wanaweza kucheza bila bando?

Jibu: Wanaweza. GPS hupokea mawimbi moja kwa moja kutoka kwa setilaiti. Ni ramani tu inayohitaji kupakuliwa kabla ya kutoka nyumbani. Hata simu si lazima. Huko Dartmoor, Uingereza, mchezo wa kufuata maelekezo hadi kisanduku kilichofichwa una asili yake katika mwaka 1854. Waandikie: "Kutoka kwenye mkuyu, hatua 40 kuelekea ziwani."

Mwanachama wa Nakuru: Nina miaka 68 na magoti yanauma. Je, niwaachie wajukuu?

Jibu: Shikamoo, Mama. Usiwaachie. Chagua njia ya tambarare, mwendo wako uwe ule unaokuruhusu kuzungumza bila kuhema, na umwone daktari kwanza kuhusu hayo magoti. Kwa umri wako, mazoezi ya kuimarisha misuli na kusimama imara yanapendekezwa pia, angalau siku tatu kwa wiki.

Mwanachama wa Kisumu: Naweza kuficha kopo ufukweni Dunga?

Jibu: Liweke mbali na matete na maji. Viboko hutoka kula nyasi jioni na usiku, na msakaji aliyeinama hatamwona kiboko mapema.

Mwanachama wa Kakamega: Je, kifaa cha kugundua metali kinafaa? Huku kulikuwa na dhahabu.

Jibu: Ni kweli, miaka ya 1930 watu walimiminika huko kutafuta dhahabu, lakini chini ya sheria ya mwaka 2016 madini ni mali ya taifa, na kuyachimba kunahitaji kibali. Hatari iliyo karibu zaidi ni mashimo yaliyoachwa, ambayo nyasi huyafunika. Kabla ya kupanga njia yoyote huko, tembea na mwenyeji anayeyajua, na umwombe akuonyeshe kila moja.