Jinsi ya Kuvuna na Kukaanga Ufuta

Ufuta haumsubiri mkulima anayechelewa. Vitumba vyake hukomaa kuanzia chini ya shina kuelekea juu, na kila kitumba kikishakauka hupasuka chenyewe na kumwaga mbegu ardhini, hivyo mavuno mengi hupotea katika siku chache za mwisho, wakati kazi ngumu ya kulima na kupalilia imekwisha.

Kuanzia mwezi wa tatu baada ya kupanda, kagua shamba kila siku. Majani ya chini yakigeuka manjano na kupukutika, huku vitumba vya chini vikianza kuwa vya kahawia ilhali vya juu bado ni vya kijani, kata mashina bila kungoja yote yakauke. Kata asubuhi na mapema kungali na umande, kwa kuwa kitumba chenye unyevu hakifunguki upesi. Funga matita madogo, uyasimamishe wima juu ya turubai na ncha zikitazama juu, kwani kitumba hufunguka kwenye ncha yake, na tita lililosimama hubaki na mbegu zake. Vitumba vikishakauka na kufunguka, geuza tita juu chini na uligonge taratibu kwa fimbo. Kupiga kwa nguvu hupasua mbegu, na mbegu iliyopasuka huchacha haraka.

Pepeta, osha, kisha anika hadi mbegu zikauke kabisa. Wakati wa kukaanga usiongeze mafuta, kwa sababu takribani nusu ya uzito wa mbegu ni mafuta. Tumia sufuria nzito na moto mdogo, ukikoroga bila kuacha. Mara tu mbegu zinapoanza kurukaruka na kunukia, zimimine kwenye sinia pana, kwani zikibaki katika sufuria zitaendelea kuiva kwa joto lake, na ufuta uliozidi moto ni mchungu, wala hakuna kiungo cha kuuponya. Ukizisaga, kwanza utapata unga mzito unaogandamana. Endelea kusaga, na mafuta yatatoka yenyewe na kuulainisha hadi uwe tahini, yaani rojo laini la ufuta.

Mafuta hayo hukawia kuchacha kwa sababu yana viambato vya asili kama sesamoli, na naamini sifa hiyo ni mojawapo ya sababu za zao hili kuthaminiwa tangu kale. Mbegu zilizoungua zimechimbuliwa Harappa, mji wa kale katika Bonde la Indus, ambao sasa uko Pakistan, na hadi leo Wahindu humimina maji yenye ufuta mweusi kwa ajili ya wazee wao waliofariki.

Kabla ya kumwandalia mgeni, muulize kama ana mzio wa ufuta, kwani kwa baadhi ya watu hata kiasi kidogo huhatarisha maisha. Nchini Marekani, tangu tarehe 1 Januari 2023, sheria inataka ufuta utajwe kwenye vifungashio vya vyakula.