Kabla paka hajaingia nyumbani, andaa chumba kimoja

Hapa kwangu Tanga huwa nalea watoto wa paka waliookotwa mpaka wapate wa kuwachukua. Kila anayekuja namwambia: nenda kaandae kwanza, ukimaliza ndipo uje. Paka akishajibanza nyuma ya friji, kukimbilia dukani hakusaidii.

Hatua ya 1: Chumba. Kimoja kinatosha kwa wiki ya kwanza. Ziba mianya nyuma ya makabati, weka wavu dirishani, toa sumu ya panya. Kama kuna cherehani, okota kila kipande cha uzi. Ulimi wa paka una vimiba vinavyoelekea kooni, kwa hiyo uzi ukishanasa hawezi kuutema. Anaumeza, nao unamkunja matumbo.

Hatua ya 2: Choo. Hapa usifanye haraka. Tafuta beseni pana lenye ukingo mfupi, kama vidole vinne, mtoto apande bila shida. Mimina mchanga mkavu uliochekechwa, kina cha sentimita 5 hivi. Liweke kona ya mbali na chakula, maana paka hapendi kula karibu na choo. Kinyesi kitolewe kila siku. Mjamzito amwachie mtu mwingine kazi hiyo, kwa sababu ya toksoplasma, vimelea vya kwenye kinyesi cha paka vinavyoweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Beseni lioshe kwa sabuni na maji ya moto. Zile dawa za kusafishia zinazogeuka nyeupe kama maziwa zikiingia majini, nyingi zina fenoli, na fenoli ni sumu kwa paka. Akikanyaga, atalamba miguu.

Hatua ya 3: Chakula. Uliza alikuwa anakula nini, uanze na hicho hicho. Ukimpa dagaa, waoshe mchanga uishe, wachemshe bila chumvi, kitunguu wala kitunguu saumu, na wasiwe chakula chake pekee. Maziwa ya ng'ombe yaache, paka wengi yanawaharisha. Maji yakae kwenye bakuli zito, mbali kidogo na chakula.

Hatua ya 4: Maficho na kucha. Pindua boksi, toboa mlango, tandika khanga kuukuu. Mwombe unayemchukua kwake kitambaa alicholalia na mama yake, ukiweke humo: harufu ile humtuliza kuliko kubembelezwa. Kwa kucha, viringisha kamba ya katani kwenye gogo lisilotikisika, lenye urefu wa paka mkubwa akijinyoosha. Atakuachia makochi yako.

Hatua ya 5: Tenga lenye mfuniko na namba ya daktari wa mifugo. Muulize dawa ya minyoo, na chanjo ya kichaa cha mbwa akitimiza miezi 3. Dawa ya viroboto ya mbwa usimpake, na parasetamo usimpe kamwe. Vyote viwili vinaua paka.

Siku ya kumleta, weka tenga chumbani, fungua mfuniko, kaa sakafuni, nyamaza. Usimtoe kwa mkono. Wengine hutoka usiku, nyumba ikishalala, na asubuhi utaona nyayo kwenye mchanga.