Soma maji kabla ya kupanda mikoko

Vikundi vingi vya Mikindani, Jomvu na Tudor, Mombasa, hupanda mkoko wenyewe (ile aina moja tu ya mikoko) popote penye tope, kwa sababu mbegu zake ndefu huokotwa kwa urahisi na kuchomekwa tu. Hapo ndipo jasho la kina mama wengi linapopotea.

Anzeni na maji. Simikeni ufito wenye alama za kila sentimita 10, muutazame siku za bamvua (maji yanapojaa sana) na siku za maji mafu (yanapojaa kidogo). Upande wa bahari, panapozama kila siku, ni pa mlilana, aina nyingine ya mikoko. Mkoko unataka nyuma yake, penye tope laini. Kule juu panapofikiwa na bamvua pekee, jua hukausha udongo chumvi ikabaki. Hapo mkandaa na mchu, nao ni aina za mikoko, ndio wavumilivu. Lamba jani la mchu wakati wa kiangazi, utaonja chumvi iliyotolewa na mti wenyewe. Hata hivyo chumvi ikipita kiasi, mchu nao hudumaa ukabaki kichaka cha kiunoni.

Maji ya mvua hupunguza chumvi na miti ikanawiri, ila yakija na udongo ni balaa. Mvua za El Niño za 1997/98 zilimwaga udongo kule Mwache, karibu na Mombasa, ukafukia mizizi ya kupumulia, mikoko mingi ikafa.

Mambo haya ndiyo wataalamu wanayoingiza kwenye modeli ya ukuaji, yaani hesabu ya kukadiria miti itakavyokua: chumvi, muda wa kuzama, mvua, nafasi kati ya miche. Hesabu ikikubali, hukadiria unene wa miti na kaboni itakayohifadhiwa miaka ijayo. Lakini modeli hulishwa vipimo vya shambani, na vipimo hivyo ni vyenu. Miti ikishakuwa mikubwa, pimeni mzingo wa shina kwa utepe wa fundi cherehani. Kwa mkoko, pimeni sentimita 30 juu ya mzizi wa juu kabisa. Msidharau utepe huo: mzingo ukiongezeka maradufu, uzito wa mti huwa zaidi ya mara tano, na karibu nusu ya uzito mkavu ni kaboni.

Kaboni nyingi zaidi imo topeni, ambamo mizizi na majani huoza polepole kwa kukosa hewa. Kwa hiyo msiruhusu watu kuchimba chambo ndani ya shamba.

Mche uliokufa nao uandikwe daftarini, pamoja na alama ya maji pale ulipokuwa.