Somo: Kuweka kichujio cha muda kwenye dashibodi ya Grafana (soma kabla ya kuuliza)

Wakuu, kila wiki napokea ujumbe uleule: "Nimebadilisha kipindi, namba zimegoma." Naandika hapa mara moja, akiuliza mwingine namtumia kiungo. Mfano wangu ni Grafana (programu ya kuonyesha data kwa grafu na namba) na PostgreSQL (kanzidata inayohifadhi data hiyo).

1. Safu ya muda iwe ya aina ya muda kweli, ikiwezekana timestamptz (muda unaozingatia saa za eneo). Kama tarehe zimehifadhiwa kama maandishi, rekebisha jedwali kwanza.

2. Fungua paneli (kisanduku kimoja cha dashibodi), nenda kwenye hoja ya SQL, yaani maandishi yanayoiomba kanzidata data.

3. Weka kichujio ndani ya hoja yenyewe. Kile kitufe cha saa kilichopo juu hakichuji chochote, kinatangaza tu mwanzo na mwisho wa kipindi. Hoja isipopokea tangazo hilo, inaleta kila kitu. Grafu ya mstari itakuficha kosa, maana mhimili wake unafuata kipindi ulichochagua, lakini paneli ya jumla itakuonyesha mauzo yote tangu mfumo uanze. Andika hivi:

SELECT sum(kiasi) FROM mauzo WHERE $__timeFilter(muda)

Mistari ya chini (_) ni miwili baada ya alama ya dola, si mmoja. Safu yako ikiwa ni namba ya sekunde tangu 1970, tumia $__unixEpochFilter(muda). Ukiwa na shaka, fungua Query inspector uone SQL iliyokwenda kwenye kanzidata.

4. Saa za eneo. Hapa msiruke. Kwa kawaida Grafana inafuata saa za kivinjari cha anayetazama, kwa hiyo watu wawili walio maeneo tofauti watabishana kuhusu "leo" na wote watakuwa sahihi. Nenda kwenye mipangilio ya dashibodi, chagua eneo moja kwa wote.

Bado hujamaliza. Ukipanga mauzo kwa siku kwa kutumia date_trunc('day', muda), siku inakatwa kwa saa za kanzidata, si za Grafana. Kanzidata ikiwa UTC (saa ya kimataifa) nanyi mko saa tatu mbele, mauzo ya saa saba na nusu usiku yanahesabiwa jana yake, kwa sababu kule bado ni 22:30. Kuanzia PostgreSQL 12 unaweza kuongeza jina la eneo kama kipengele cha tatu ndani ya date_trunc. Liwe jina kamili la eneo, mfano 'Africa/Nairobi'. USIANDIKE 'UTC+3': PostgreSQL inasoma alama hiyo kinyume, itakurudisha nyuma saa tatu badala ya kukupeleka mbele, na hakuna ujumbe wowote wa kosa utakaouona.

5. Chagua kipindi cha kuanzia, kisha wakati wa kuhifadhi weka tiki ya kuhifadhi na kipindi hicho.

MASWALI

Mdau: Mkuu nimefuata yote, haifanyi kazi.

Jibu: Bandika hoja yako.

Mdau: SELECT sum(kiasi) FROM mauzo

Jibu: Hatua ya 3.

Mdau: Nimeweka now-6m nipate miezi sita, paneli ni tupu.

Jibu: m ndogo ni dakika. Mwezi ni M kubwa.

Mdau: Kwa nini unazunguka hivyo? Mimi naandika date(muda) = current_date, yamekwisha.

Jibu: Yamekwisha mpaka bosi aombe wiki iliyopita, maana hiyo haisikilizi kitufe kabisa. Halafu ukiifunika safu kwa date(), faharasa (index) ya kawaida ya muda haitumiki. Jedwali likiwa na mamilioni ya safu mlalo utaniambia.

Mdau: Shukrani kwa somo. Naweza kuona wiki hii na wiki iliyopita kwenye ukurasa mmoja bila kugusa kitufe?

Jibu: Swali zuri. Nakili paneli, ingia kwenye chaguo za hoja ya ile nakala, sehemu ya Time shift andika 1w. Paneli hiyo peke yake itarudi wiki moja nyuma, nyingine hazisogei. Kama unataka wiki nzima ya kalenda, hapo itabidi uguse kitufe cha saa: andika now-1w/w kwenye mwanzo na kwenye mwisho pia. Mkwaju (/) unasawazisha: upande wa mwanzo unashuka hadi mwanzo wa wiki, upande wa mwisho unapanda hadi mwisho wake. Siku ya kuanza wiki unaichagua kwenye mipangilio ya dashibodi.

Mdau: Nyongeza: mwishoni mwa anwani ya dashibodi unaweza kuweka from=now-24h&to=now ukamtumia mwenzako.

Jibu: Kweli kabisa. Ila ukiwa unamwonyesha hitilafu, usitume now, akifungua kesho ataona kitu kingine. Tuma muda kamili kwa milisekunde, mfano from=1700000000000. Milisekunde, si sekunde, la sivyo utampeleka mwaka 1970.