Kupima kichocho skulini: kutoka chupa ya mkojo hadi hesabu ya mayai

Hesabu ya mayai ya kichocho mara nyingi huharibikia chooni, kabla mkojo haujafika maabara. Msomaji wa hadubini awe hodari vipi, chupa iliyojazwa na rafiki, au iliyojazwa alfajiri nyumbani, itampa jibu la uongo. Kichocho cha Unguja na Pemba ni cha njia ya mkojo, na mayai hutoka kwa wingi zaidi kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana. Skuli yenye mikondo miwili, anza na mkondo wa asubuhi baada ya saa 4, kisha wa mchana mara wanapoingia. Ramadhani ruka kabisa: anayefunga hana mkojo wa kutosha.

Kibali cha kamati ya maadili kiwe mkononi, na sheha, yaani kiongozi wa shehia, pamoja na mwalimu mkuu wapate habari mapema. Mzazi akishatia saini, mtoto naye aulizwe, akikataa, basi. Andika namba ubavuni mwa chupa, si kwenye kifuniko, maana vifuniko hubadilishana. Mtoto aende mmoja mmoja, mwalimu asimame nje. Mwambie ajaze hadi tone la mwisho, kwa kuwa matone ya mwisho ndiyo yenye mayai mengi. Wasichana wakubwa waulizwe na mwalimu wa kike, faraghani, kama wamo hedhini: damu hiyo itapotosha kipimo cha kijiti kinachotafuta damu kwenye mkojo, ingawa haizuii kuhesabu mayai.

Chupa ziwekwe kivulini, ndani ya boksi lenye ubaridi. Zikikaa juani, mayai huanguliwa na hesabu hupungua. Kama hamtaweza kuzisoma siku ile ile, tieni fomalini, dawa ya kuhifadhi mayai, isiyochanganywa na maji, mililita 1 kwa kila mililita 100 za mkojo.

Maabara, tikisa chupa taratibu kwanza. Mayai ni mazito, huzama chini. Asiyetikisa huvuta maji matupu ya juu na kuandika sifuri. Vuta mililita 10 kwa bomba la sindano, zisukume polepole kupitia kichujio chenye matundu ya maikromita 12, kisha sukuma hewa ili yote yapite. Ondoa kichujio kwa kibanio, kilaze kwenye kioo, upande ulioshika mayai ukiwa juu, tia tone la iodini ya Lugol, rangi ya kufanya mayai yaonekane. Soma kichujio chote kwa ukuzaji wa mara 40, usikisie kutoka kona moja. Yai ni la mviringo mrefu, lina mwiba nchani. Mayai 1 hadi 49 kwa mililita 10 ni maambukizi mepesi. 50 na kuendelea ni mazito. Mkojo ukipungua, andika ujazo halisi, maana 6 katika mililita 5 ni 12 katika 10. Mtu wa pili arudie kusoma vioo kadhaa bila kuona majibu ya kwanza.

Aliyekutwa na mayai apewe dawa ya kichocho, prazikwanteli, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito. Mwenye kilo 30 anameza vidonge viwili vya miligramu 600, baada ya kula. Tumbo linaweza kumuuma au kichwa kumzunguka, kwa hiyo abaki skulini hadi atulie.